Chaguo la Nne

Simu ilipolia, Mubarik alikuwa sebuleni akifunga kamba za viatu, tayari kutoka na teksi. Alitazama namba, akasafisha koo, akaipokea kwa ile sauti aliyoiweka akiba kwa ajili ya maofisa.

"Mubarik hapa. Mwenyekiti wa chama cha wakazi."

Mwanamke wa upande wa pili alimshukuru, akajitambulisha kuwa ni Kirandeep, msimamizi wa Jopo la Wakazi, kisha akauliza kama Saido yupo nyumbani.

"Bila shaka unanitafuta mimi," Mubarik alisema.

"Hapana, bwana. Droo imemtoa Saido."

Saido alikuwa jikoni akikanda unga wa sambusa. Mikono yake ilikuwa haifai kushika kitu, kwa hiyo mumewe alilazimika kumshikia simu sikioni, na akalazimika kuyasikia yote. Shirika la nyumba lilikuwa limechezesha bahati nasibu kati ya watu wazima wote wa mitaa yao ya Washwood Heath, Birmingham. Wamepatikana ishirini na wanne, nusu yao wanawake. Watakutana Jumamosi tatu katika ukumbi wa shule, wasikilize, wajadiliane, kisha waamue lile jengo la dobi la zamani na uwanja wake vifanyiwe nini. Shirika limeahidi kuufuata uamuzi wao. Je, Saido angekubali?

Saido alimtazama mumewe. Mubarik alikuwa anatazama ukuta.

"Nakubali," alisema, na moyo ukampiga kama siku ile alipofaulu mtihani wa kuendesha gari.

Mubarik alikata simu, akafuta unga uliobaki kwenye kioo chake. Hakutoka. Alivuta kiti cha jikoni, akakaa.

"Mama Nimo, jambo hili unalijua vizuri. Ni maegesho. Hakuna la kufikiria hapo."

"Kama hakuna la kufikiria, wanatuitia nini Jumamosi tatu?"

"Wanataka picha za kuweka kwenye mtandao wao. Wewe utainua mkono mahali pa maegesho, basi, umemaliza."

"Na nikiwa na neno?"

"Ukiwa na neno niambie mimi. Nitakutengenezea, useme vizuri."

Aliyasema bila ubaya. Kisomali walikitumia kwa wazazi na kwa dua, lakini ya nyumbani kama haya waliyazungumza kwa Kiswahili cha Eastleigh walikokulia, na katika Kiswahili hicho Mubarik alikuwa mtu mpole. Kwa miaka minne alikuwa amebisha milango ya wakubwa akitaka uwanja wa dobi uwekewe geti na taa, madereva wapate mahali pa kulaza magari. Teksi yake ilikuwa imevunjwa kioo mara mbili. Ya rafiki yake Ogle iliibwa, na Ogle sasa alikuwa anabeba maboksi ghalani kwa malipo ya kijana. Wanaume wa mtaa walimwita Mubarik "Mwenyekiti" hata msikitini. Na sasa kitu chenyewe kimefika mezani, na meza haina kiti chake.

Nimo, binti yao wa miaka kumi na sita, aliingia akiwa amembeba mdogo wake Aden ubavuni, akamkabidhi biskuti. Yeye ndiye aliyemchukua Aden kila alasiri kwa mama anayewalea watoto, kwa kuwa baba alikuwa barabarani na mama alikuwa zamu katika nyumba ya wazee anakofanya kazi. Masomo ya ziada ya hesabu baada ya shule alikuwa ameyaacha tangu Oktoba. Saido naye alikuwa amekataa mara mbili kupandishwa kuwa msimamizi wa zamu, kwa sababu ile ile. Hakuna aliyewahi kulikalia jambo hilo na kulijadili. Lilijipanga lenyewe tu, kama maji yanavyojitafutia njia ukutani.

"Mama amechaguliwa kufanya nini?" Nimo aliuliza kwa Kiingereza. Kiswahili alikisikia chote, ila kukijibu hakutaka.

"Kuinua mkono," Saido alisema, akarudi kwenye unga.

*

Jumamosi ya kwanza walikaa kwenye meza nne, watu sita sita. Ukutani palibandikwa karatasi kubwa yenye machaguo matatu. La kwanza, kubomoa dobi na kujenga maegesho yenye geti. La pili, kubomoa dobi na kutengeneza uwanja wa mpira. La tatu, kuuza eneo lote kwa kampuni ya maghala na kutumia fedha kukarabati nyumba.

Kirandeep, mwanamke mrefu mwenye nywele zilizosukwa msuko mmoja mzito, aliwaeleza kwamba hapa hakuna mkubwa. Ofisa wa shirika la nyumba alikaa pembeni na tabasamu lisilozimika. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na viti vya watazamaji, na kwenye kimoja alikaa Mubarik, amevaa koti lake zuri na kadi shingoni iliyoandikwa MGENI. Alipofika mlangoni alikuwa amemwambia kijana wa mapokezi kwamba yeye ni mwenyekiti. Kijana akamwambia hongera, akamvisha kadi.

Kwenye meza ya Saido alizungumza Eric. Eric alikuwa Mwingereza mstaafu aliyeendesha basi maisha yake yote, na alikuwa na maoni juu ya maegesho, juu ya mpira, juu ya mvua na juu ya namna Kirandeep alivyokuwa akishika kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alinyamaza tu kwa shida. Mezani palikuwa na wanawake watatu, na hadi saa ya mapumziko inafika, maneno yao wote pamoja hayakujaza kikombe. Rita, Mkenya wa Kisii aliyefanya kazi na Saido kwenye nyumba ile ile ya wazee, alisema tu, "Sawa." Saido alisema jina lake. Wa tatu, mama wa Kichina wa makamo mwenye nywele fupi, hakusema chochote, ila macho yake yalikuwa yanatembea kutoka meza hii hadi ile kama ya mtu anayehesabu kuku.

Wakati wa chai, bwana mmoja aliyekuwa amemaliza kikombe chake alimpa Rita akiweke mahali. Rita akakipokea. Mama wa Kichina akakichukua mkononi mwa Rita, akamrudishia yule bwana, akamwonyesha kwa kidole beseni lilipo. Kisha akawageukia wao wawili.

"Nyinyi mmetoka Nairobi," alisema. Kwa Kiswahili.

Saido alisahau kufunga mdomo.

"Eastleigh, mimi," akajibu.

"Najua. Nimesikia ukimwambia mtoto wako kwenye simu ale ugali kwanza. Mimi niliuza viatu Eastleigh miaka mingi. Ghorofa ya pili, karibu na ngazi. Watu waliniita Mama Viatu. Jina langu Hongxia."

Rita alicheka mpaka akashika meza. Hongxia alizungumza Kiswahili cha dukani, kifupi, kisicho na mzunguko, cha mtu aliyekizoea kwa kupatana bei. Alikuwa ameishi Birmingham kwa mwanawe mwaka wa tatu, na katika miaka hiyo, alisema, hakupata mtu wa kuzungumza naye ila mjukuu, na mjukuu anajibu kwa Kiingereza.

"Huu mkutano mimi naujua," aliongeza, akiitazama ile karatasi ukutani. "Kwetu tulikuwa nao. Bahati nasibu, meza ndogo, kila kitu. Mtaona. Wanawake tuko kumi na wawili na tumesema maneno ya wawili."

"Sasa tufanye nini, mama?" Saido aliuliza.

"Nitawaambia. Siyo hapa."

*

Walikutana nyumbani kwa Saido Jumatano mchana, siku ambayo yeye na Rita hawakuwa na zamu. Saido alifikiri watakuja watatu. Wakaja tisa. Alikuja Indu wa duka la vitambaa, akaja Leena, mwanafunzi wa uuguzi ambaye kila mara alikuwa na usingizi, wakaja wengine ambao Saido aliwajua kwa sura za kwenye kituo cha basi alfajiri. Viti havikutosha. Wengine walikaa kwenye zulia, Aden akipita katikati yao kama mkaguzi.

Hongxia alikaa kwenye kigoda cha Aden, akasimulia kwa Kiswahili, na Rita akageuza kwa Kiingereza.

Mji wao ulikuwa mdogo, mkoani Zhejiang, wenye viwanda vya viatu kila kona. Serikali ya mji ilianzisha mikutano ya wananchi kujadili fedha za mji zitumikeje. Kwa Kichina waliiita kwa jina lenye maana ya kuambiana yaliyo moyoni. Yeye wakati huo, kabla ya kwenda Nairobi, alikuwa mjumbe wa wanawake katika kamati ya kijiji.

"Majina yalitoka kwa bahati, lakini yalitoka majina ya nyumba," Hongxia alisema. "Nyumba ikitoka, nani anakwenda? Baba. Basi nikapiga kelele. Nikasema jina liwe la mtu. Wakakubali. Mwaka uliofuata wanawake walijaa, na wote wakakaa nyuma. Mmoja akaulizwa maoni yake, akasema, maoni yangu ni kama ya mume wangu. Na mume wake hakuwepo hata."

Wanawake walicheka, kisha kicheko kikafa kila mmoja kwa wakati wake.

"Kwa hiyo tukakutana kwanza, sisi wenyewe, kwenye stoo ya kiwanda, katikati ya maboksi. Tukakubaliana. Kila mwanamke atasema jambo moja. Akimaliza, anayefuata aanzie pale alipoishia mwenzake, ili lile neno lisianguke chini. Viongozi walikuwa wanataka uwanja mkubwa katikati ya mji, wenye chemchemi ya maji na taa za rangi. Sisi tukataka mtaro wa maji machafu na chekechea. Tukapata mtaro. Chekechea pia."

"Mlishinda," Leena alisema, na usingizi wote ukawa umemtoka.

"Tulipata mtaro," Hongxia alirudia. "Ngoja. Mwaka mwingine mimi nikauliza, hii orodha ya mambo ya kujadili, nani anaiandika? Mbona kwenye meza ile hakuna mwanamke hata mmoja? Katibu wa mji akasema hiyo ni kazi ya viongozi. Akatabasamu vizuri sana. Mwaka uliofuata mjumbe wa wanawake alikuwa mtu mwingine." Alimtoa Aden mguuni kwake taratibu. "Tuliruhusiwa kuchagua sahani. Jikoni hatukuingia. Mpwa wangu yuko Hangzhou, yeye anajiita mfeministi, mtetezi wa wanawake. Sisi hatukuwa na neno hilo, tulikuwa na mtaro tu. Yeye neno analo, na akaunti yake ya mtandaoni imefungwa mara mbili kwa sababu ya neno hilo. Kila nikimpigia ananiuliza, shangazi, mlipopewa nafasi ya kusema, mliuliza nani amewapa? Namjibu, niliuliza mara moja."

Ni Indu aliyesema kilichokuwa kichwani mwa kila mtu.

"Ile karatasi ukutani. Machaguo matatu. Nani aliyaandika?"

Hakuna aliyejua. Wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Walizungumza juu ya dobi lenyewe, lenye paa zima na kuta nene, wakajikuta kila mmoja kwa njia yake anasema kitu kile kile. Yule mama anayewalea watoto wa mtaa amejaa na anataka kustaafu. Rita alikuwa anamwacha mwanawe kwa jirani na kumlipa kwa kumpikia. Leena alikuwa ameacha zamu za hospitali zinazohesabika kwenye masomo yake. Saido akasikia sauti yake ikisema, "Mimi nina binti. Binti yangu ndiye chekechea yangu."

Hakuwahi kulisema hivyo. Uso ulimchoma.

Hapo ndipo mlango wa mbele ulipofunguliwa. Mubarik alikuwa amerudi kubadilisha shati. Alisimama kwenye korido yake mwenyewe akitazama viatu vya wanawake tisa, kisha wanawake wenyewe, kisha kiti chake, ambacho Indu alikuwa amekikalia bila kujua. Indu akataka kuinuka.

"Kaa, kaa," Mubarik alisema haraka. Akapanda juu, akashuka na shati lingine, akatoka akikanyaga kwa ncha za vidole, kama mgeni.

Alirudi jioni wakati wa kula. Alingoja Nimo ampeleke Aden kuoga.

"Unanifanya nini mbele za watu?"

"Nimefanya nini?"

"Ogle amenipigia. Ameambiwa kuna mkutano kwangu wa kupinga maegesho. Kwangu mimi. Nimemwambia haiwezekani. Nimemwapia."

"Hatupingi maegesho. Tunataka dobi lisibomolewe. Tunataka mahali pa watoto."

"Hilo halimo kwenye machaguo."

"Ndiyo maana."

Mubarik aliisukuma sahani mbele kidogo. "Miaka minne, Saido." Alipomwita kwa jina lake ilikuwa ni dalili mbaya. "Nimeketi kwenye ofisi zao wakiniambia nisubiri, nimesubiri. Vijana wanaonitukana barabarani nawabeba kwenye gari langu nikinyamaza. Kitu kimoja tu nilichokifanya katika nchi hii ambacho watu wanakiona ni hiki. Na wewe unakichukua kwa wiki mbili."

Saido alikuwa na jibu kali tayari, lakini aliona mkono wa mumewe ulivyoshika ukingo wa meza, na jibu likapungua.

"Baba Nimo, wewe ulipopigania maegesho, uliwahi kuniuliza mimi nataka nini pale?"

"Ungekuwa na jambo ungesema."

"Kwa nani? Wapi? Wewe ulikuwa unarudi na msimamo wa wakazi umeshauandika."

Mubarik alikula kilichobaki, na Alhamisi na Ijumaa walizungumza juu ya maziwa na ufunguo wa gari tu.

*

Jumamosi ya pili ilipita kwa wataalamu kuonyesha ramani. Wanawake walisikiliza, waliuliza, na kila aliyeuliza alianzia pale alipoishia mwenzake. Eric aligeuka mara mbili kuangalia kama kuna mtu nyuma yao anayewafundisha. Ofisa wa shirika aliendelea kutabasamu.

Jumamosi ya tatu ukumbi ulikuwa umejaa. Madereva walikuwa wamekuja, viti vyote vya nyuma vimeshikwa, Ogle akiwa wa kwanza, Mubarik katikati yao, kadi shingoni. Saido hakuwa amelala vizuri wala kula. Kando yake Hongxia alikuwa anamenya chungwa kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufukuzwa kazi mara moja na akaona jua likichomoza kesho yake.

Kirandeep alisimama. "Leo tunaamua. Machaguo ni matatu—"

Saido aliinua mkono. Aliuona mkono wenyewe huko juu, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Ndiyo, Saido."

Alisimama. Kiingereza chake, ambacho kazini kilikuwa kinamtosha kumwogesha mtu na kumtuliza anayekufa, kilimkimbia chote, kikabaki kipande kimoja.

"Nani ameandika machaguo haya?"

Kirandeep alimgeukia ofisa. Ofisa alisema yameandaliwa baada ya mashauriano mapana na wadau.

"Wadau gani?" Rita alisimama, akaanzia hapo. "Mimi nimepanga hapa miaka tisa. Sikushauriwa."

"Mliongea na chama cha wakazi," Leena alisema akisimama, "na chama kina wajumbe saba, wote wanaume. Nimeangalia kwenye mtandao wenu."

Nyuma kulikuwa na mguno. Indu akasimama, akasema wanawake wana chaguo la nne: dobi lisibomolewe, liwe mahali pa kulea watoto wa watu wanaofanya kazi za zamu, pafunguliwe alfajiri. Ofisa alisema, bado kwa upole, kwamba kwa masikitiko swali la jopo limekwisha kupangwa, na kazi ya jopo ni kuchagua.

Hongxia alifuta vidole vyake kwa leso. Alisimama, akasema kwa Kiswahili, akingojea Rita atafsiri kila sentensi.

"Mimi nimekwisha kuambiwa maneno hayo, nchi nyingine, lugha nyingine, na mtu mwenye tabasamu kama lako. Kule sikuwa na la kufanya. Hapa mmetuambia hakuna mkubwa. Kama hakuna mkubwa, nani amepanga? Na kama yuko, mtuonyeshe, tujue tunazungumza na nani."

Tabasamu la ofisa lilizimika. Kirandeep alisimama pale, kalamu mkononi, na Saido aliona wazi kwamba mwanamke huyu naye ana bosi, ana mkataba, ana mshahara anaoutegemea.

"Kanuni," Kirandeep alisema hatimaye, "hazisemi kwamba jopo linaweza kuongeza chaguo. Hazisemi pia kwamba haliwezi. Kwa hiyo nitaliuliza jopo lenyewe. Theluthi mbili wakikubali, naandika."

Mikono ilipanda. Wanawake wote, na wanaume watatu. Ilipungua mmoja. Kirandeep alikuwa anatazama ukumbini, akitaka kushusha kalamu, na Eric akakohoa.

"Mimi sitaki chekechea," alisema. "Nitapigia kura uwanja wa mpira. Lakini maisha yangu yote nimeendesha basi kwenye njia zilizochorwa na watu wasiopanda basi." Akainua mkono. "Andika."

Leena alipiga kelele ndogo, akajiziba mdomo. Kirandeep aliandika namba nne kwa wino mwekundu, kwa sababu mweusi ulikuwa mbali, na Saido akajikuta amemshika Hongxia mkono, na mkono ulikuwa unanata maji ya chungwa.

Mjadala ulianza, na haukuwa wa upole. Wapenda maegesho walisema hasara za magari ni za kweli. Mzee mmoja akasema wanawake hawa hawajui maana ya kuamka ukakuta riziki yako imeibwa. Kule nyuma Mubarik alisimama.

"Naomba kusema."

"Watazamaji hawasemi, bwana," Kirandeep alimwambia. "Samahani."

Mubarik akabaki amesimama, mdomo wazi, mbele ya watu waliokuja kumsikia. Kulikuwa na mtu aliyecheka kidogo. Saido alikisikia kicheko hicho kikimwingia mwenyewe mbavuni.

"Wajumbe wanaruhusiwa kuita shahidi?" aliuliza.

"Wanaruhusiwa."

"Namwita mwenyekiti wa chama cha wakazi. Ni mume wangu. Mambo ya magari hakuna anayeyajua kumshinda."

Mubarik alikuja mbele kwa mwendo wa mtu asiyejua kama ameitwa kwenye heshima au kwenye mtego. Alizungumza juu ya vioo, juu ya bima, juu ya Ogle, ambaye aliinamisha kichwa. Alizungumza vizuri, na Saido aliona hata Indu akitikisa kichwa kukubali. Kisha Kirandeep akauliza kama kuna swali kwa shahidi.

Rita ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa Kiswahili, kwa adabu zote.

"Baba Nimo, shemeji yangu. Wewe ukiwa barabarani na dada Saido akiwa zamu, mtoto wenu yuko na nani?"

"Yuko na... kuna mama anayelea."

"Mpaka saa tisa. Baada ya saa tisa?"

Mubarik alimtazama mkewe. Saido hakumsaidia. Alitaka sana kumsaidia, akajizuia.

"Yuko na Nimo," alisema.

"Nimo ana mtihani mwaka huu?"

"Ana mtihani."

"Anasoma saa ngapi?"

Rita hakutafsiri; uso wa Mubarik uliwatosha hata wasiojua Kiswahili. Mubarik alisimama pale, mikono ndani ya mifuko ya koti lake zuri. Alipojibu, alijibu kwa Kiingereza, ili ukumbi mzima usikie.

"Sijui binti yangu anasoma saa ngapi. Sijawahi kumuuliza." Akamgeukia ofisa. "Dobi ni robo ya eneo. Uwanja uliobaki unatosha magari kumi na tano, labda kumi na sita yakipangwa vizuri. Nimeupima mwenyewe. Nilipowaandikia kwamba lazima dobi libomolewe, ni kwa sababu sikuwa nimefikiria kitu cha kuweka ndani yake."

Ogle aliinua uso. Madereva walianza kunong'onezana. Saido alikuwa ameinuka tena, na safari hii Kiingereza chote kilikuwa mahali pake.

"Basi naomba chaguo la nne lisomeke hivi. Dobi libaki, liwe la watoto. Uwanja uliobaki uwe na geti na taa, na magari yalale humo usiku. Sisi tunaotembea hapo alfajiri hizo taa tunazihitaji kuliko hata magari."

Kura ilipigwa kwa vikaratasi. Kumi na saba kwa chaguo la nne, watano kwa maegesho peke yake, wawili kwa mpira. Nani alikuwa wa pili wa mpira, Eric mwenyewe hakujua. Indu alilia. Leena alimkumbatia mzee aliyesema wanawake hawajui. Hongxia alikuwa ameshatoa simu, amempigia mpwa wake Hangzhou, ambako ilikuwa jioni, na alikuwa anazungumza Kichina kwa kasi ya mtu anayeshuka mlima mbio, akiuelekeza uso wa simu kwenye ile karatasi ili msichana auone wino mwekundu. Kutoka ndani ya simu ilisikika sauti nyembamba ikicheka na kuuliza, kuuliza na kucheka.

Ofisa alimwendea Kirandeep, akamwambia kitu kwa sauti ya chini. Kirandeep alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaikunja ile karatasi kubwa yeye mwenyewe, akaitia kwapani.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, kwa kuwa Mubarik alikuwa amempa Ogle gari afanyie kazi wikendi ile. Walipita maghala, wakapita ukuta mrefu wa eneo la reli. Nje ya ukumbi dereva mmoja alikuwa amemwambia Mubarik kwamba mke wake amewauza. Mubarik akamjibu kwamba mke wake amewapatia geti na taa, yeye kwa miaka minne hakuwapatia hata kufuli. Alilisema bila furaha, lakini alilisema.

Miguu ya Saido ilikuwa myepesi, alikuwa anajizuia asiruke.

"Ulianza kwa haraka mno," Mubarik alisema mwishowe. "Pale mwanzo. Ukisimama mbele ya watu, vuta pumzi kwanza. Wakungoje."

"Nilisahau Kiingereza chote."

"Hata mimi husahau. Wao hawajui tu."

Nyumbani Nimo alikuwa mezani, kitabu cha hesabu wazi, Aden amelalia mkono wake wa kuandikia. Aliuliza imekuwaje. Wakamweleza, mmoja akimkatiza mwenzake, na Nimo akasikiliza kwa uso wa watu wa umri wake, usiotaka kuonekana umefurahi. Kisha akauliza kwa Kiingereza chekechea yenyewe itafunguliwa lini.

"Mwakani," Saido alisema. "Wakiharakisha."

"Mtihani wangu ni Mei," Nimo alisema. "Kwa hiyo kuanzia Jumatatu nani anamchukua Aden?"

Saido na Mubarik walitazamana. Mubarik alifungua mdomo kutoa jibu, jibu la nyumba nzima, kama alivyozoea. Akaufunga. Alimnyanyua Aden taratibu kutoka kwenye mkono wa dada yake, akamlaza begani, akavuta kiti.

"Hebu tukae," alisema. "Nimo, anza wewe. Sisi tutasikiliza."

Nimo aliunyoosha mkono uliokufa ganzi, akawatazama kama anahakikisha hawatanii. Kisha akaanza, na alikuwa na mengi.